Uji wa Kikombe

Kila alasiri akitoka shule, Kiherehere alivua sare, akanawa mikono kwa sabuni, akamkalisha mdogo wake kwenye mkeka na kumfunga kitambaa shingoni. Hilo la Kiherehere si jina la wazazi. Alibandikwa na shoga zake kwa sababu miguu yake haikujua kutulia. Mdogo wake wa miezi kumi, kwa vile alikuwa na mashavu, walimwita Kibonge. Mama yao alikuwa fundi cherehani, akishona chumba cha mbele.

"Mlishe mwenzio taratibu," mama aliita huku anakanyaga cherehani. "Kijiko kimoja, ameze, ndipo kingine."

"Haya, mama."

Kusema ni rahisi. Kijiko cha kwanza Kibonge alikula, cha pili akakitema hadi kidevuni, cha tatu akageuza shingo kumtazama nzi. Huko nje kamba ya kuruka ya shoga zake ilishaanza kupiga ardhi, pa, pa, pa.

"Kiherehere! Bado unabembeleza uji?"

"Nakuja!"

"Hata jana ulikuja kesho yake!"

Mkeka ukawa kama unamchoma. Basi siku moja akabuni ujanja. Alimimina nusu ya uji kwenye kikombe, akaujaza maji ya kunywa, akakoroga. Kibonge akaugugumia wote bila kupumua. Nusu iliyobaki wakala bata wa jirani.

"Mama, amemaliza!" akaonyesha bakuli tupu.

"Ahsante, mwanangu. Mungu akukuze."

Ikawa hivyo mwezi mzima. Bata wakawa wanajileta wenyewe, wamejipanga mlangoni kama wanafunzi gwarideni. Kibonge naye akawa analialia hovyo, mashavu yakasinyaa.

"Huyu Kibonge au kijiti?" shoga mmoja alitania alipombeba. Kiherehere alicheka, kisha akampokonya mdogo wake haraka.

Jumamosi wakaenda kliniki. Muuguzi alimning'iniza Kibonge kwenye mizani, akatazama kadi, akaitazama tena. Mstari uliokuwa ukipanda kila mwezi ulikuwa umeinama.

"Mama, mtoto anakula?"

"Anamaliza bakuli zima! Dada yake ni shahidi."

"Basi huenda anaumwa. Tumtoe damu, tupime."

Kiherehere aliiona sindano ikitolewa kwenye karatasi yake. Akasimama, akakaa, akasimama tena. Kibonge alikuwa anamchekea kwa meno yake mawili.

"Msimchome!" akapaza sauti. "Ni mimi. Nilikuwa naujaza uji maji anywe haraka, nikacheze. Mwingine niliwapa bata."

Mama alimgeukia. Kisha mkono wake ukainuka. "Mimi nashona mpaka mgongo unakufa ganzi, wewe unanenepesha bata wa watu?"

"Mwache, mama. Amesema bila kubanwa," muuguzi alisema, akaiweka sindano kando. Akafungua chombo cha uji wake mwenyewe, akachota kijiko na kukiinamisha. Uji uling'ang'ania.

"Huu ni chakula." Akautia maji, akakiinamisha tena. Ukachuruzika wote. "Na huu? Tumbo la mtoto ni dogo, binti yangu. Ukilijaza maji, chakula kitakaa wapi? Mlisheni inavyopasa, mrudi baada ya wiki mbili. Asipoongezeka, tutapima damu."

Wiki mbili hizo Kiherehere alikuwa roho juu. Alijifunza kwamba akipanua mdomo wake, Kibonge naye anapanua, na akitazama nzi, dawa ni kumngoja amalize kutazama. Miguu bado ilimwasha. Shoga zake walichoka kuita, wakaingia uani, wakawa wanahesabu vijiko: "Kumi na nane! Katema! Rudia kumi na nane!"

Siku ya kupima, Kiherehere aliziba macho mizani ilipokuwa ikicheza.

"Fumbua," muuguzi alimwambia. Nukta mpya kwenye kadi ilikuwa juu ya ile ya zamani. Mama akashusha pumzi ndefu, akamvuta bintiye ubavuni.

"Kumlisha mtoto si kujaza debe, mwanangu. Ni kumngoja."

"Na tena," muuguzi akamwambia Kiherehere akimrudishia mama kadi, "mimi nilikuwa naitafuta dawa ya huyu kwenye damu yake, kumbe ilikuwa mdomoni mwako. Ukweli, binti yangu, usiucheleweshe."