Joto Lisiloona Adhuhuri

Mirija kumi na moja ya kioo, kila mmoja mrefu kupita mtu, ilikuwa imekufa. Mwani uliooteshwa humo, uliokuwa kijani kibichi siku ya Ijumaa, leo Jumatatu ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na nyumba nzima ya vioo ilinuka kama sufuria iliyosahaulika jikoni.

"Muuaji huyo hapo," alisema mtaalamu, mwanamke mwenye mradi, akimnyooshea kidole mlinzi mzee aliyekwisha kutiwa pingu. "Amemwaga dawa ya kudekia. Jana kutwa alikuwa peke yake. Saa nane afike mahakamani, tumalizane."

"Mama, mimi nadeki sakafu tu. Mirija hata siigusi."

"Koma! Mama yako nani?"

Inspekta wa polisi alishaanza kukagua mirija. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na wenye maneno mengi walimchosha. Alipita mrija kwa mrija. Wa kumi na mbili, nyuma ya nguzo, ulikuwa bado na ukijani.

"Huu umeponaje?"

"Dawa ilimwishia."

"Au jua halikuufikia. Sumu haichagui kivuli, mtaalamu."

Mtaalamu akacheka kwa dharau. "Afande, usinifundishe kazi. Mwani huu ukipata baridi unadumaa, ukipata joto kali unaiva kama mchicha. Ndiyo maana nina pampu ya maji baridi. Joto likivuka nyuzi ishirini na nane, inajiwasha yenyewe. Soma!"

Akamtupia karatasi ya kumbukumbu za joto. Inspekta akaisoma kwa muda mrefu, mpaka mtaalamu akaanza kugonga kiatu sakafuni. Wiki zote za nyuma mstari ulipanda mchana na kushuka usiku, kama kifua cha mtu anayepumua. Tangu Jumamosi jioni ulitambaa tu, ishirini na tano kwenda ishirini na saba, wala haukushtuka jua la adhuhuri lilipopita.

"Niitieni fundi wa mtambo."

Fundi alikuwa mdogo wake mtaalamu, wa tumbo moja. Aliingia akijifuta mikono kwenye suruali.

"Kipimajoto kinachoiwasha pampu mnakisafisha vipi?"

"Kila Jumamosi nakichomoa, nakisugua, nakitia kwenye chupa ya chai yenye maji ya nyuzi ishirini na tano. Kikikaa hewani, mtambo unadhani kimeharibika, unapiga kelele."

"Kinakaa humo muda gani?"

"Dakika kumi."

"Safari hii kimekaa tangu Jumamosi jioni. Mtambo ukadhani kuna ubaridi, pampu ikalala, mwani ukapikwa. Asubuhi ukakirudisha kabla dada yako hajafika."

"Unabahatisha, afande."

"Chupa inakwenda maabara kutafutwa alama za vidole."

"Alama zangu ziko kila mahali humu!"

"Ndiyo. Na za mzee, kwenye chupa, je?"

Fundi akamgeukia mzee. Mzee alikuwa akimtazama tu.

"Ni mimi," alisema fundi.

"Mwehu wewe!" Mtaalamu alimrukia, askari akamdaka. "Ndugu yangu wa damu!"

"Leo ndiyo ndugu?" Fundi akamkazia macho dada yake. "Miaka sita nimeulea mwani huu. Ukiona baridi naufunika mablanketi, mimi nalala wazi. Juzi wageni wako wakauliza, huyu naye nani? Ukasemaje, dada? Sema!"

Mtaalamu akajichomoa mikononi mwa askari. Fundi akamgeukia Inspekta.

"Alisema, 'Huyo? Msugua ukoga.' Wakacheka wote. Kesho wanarudi kuona mavuno. Nikataka waone kama anajua kulea chochote."

"Na mzee?" aliuliza Inspekta.

"Dada ndiye aliyemtaja."

"Nawe ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Askari akamfungulia mlinzi pingu. Mzee akasugua vifundo vya mikono yake, akaokota kofia yake, akatoka bila kumuaga mtu. Mtaalamu hata hakugeuka. Macho yake yalikuwa kwenye ule mrija wa nyuma ya nguzo.

"Umebaki mmoja," alisema. "Nani atauangalia mpaka kesho?"

Fundi alinyoosha mikono, pingu zilezile zikalia, kwacha.

"Angalia mwenyewe, dada. Si ukoga tu?"