Si Kila Mashine ni ya Kunyolea

Kinyozi alikuwa mbioni asubuhi hiyo. Wateja watatu walisubiri kwenye benchi. Kitini alikaa Afande, askari wa kituo cha jirani. Mikono ya kinyozi ilifanya kazi, na mdomo wake nao haukuwa na breki. Akanyoosha mkono kwenye rafu ya kuchajia mashine, akashika moja, akabonyeza.

Tatatata! Cheche zikaruka. Kinyozi akaitupa chini. Wateja wote mbio mlangoni!

"Wewe, unataka kuninyoa au kunikaanga?" Afande akafoka.

Kumbe ni kifaa cha kujikinga cha kupiga shoti ya umeme, mali ya mke wa kinyozi! Mkewe huoka mikate. Alikinunua sokoni baada ya kunyang'anywa mkoba. Alikileta dukani kukichaji, na kinyozi mwenyewe alimpongeza kwa kukinunua.

"Ni cha mama watoto, Afande. Anajikinga tu. Hakiui."

"Nani kakwambia? Mwenye moyo mbovu anaweza kufa. Halafu, kibali anacho?"

"Kibali cha nini? Si kinauzwa hadharani?"

"Kuuzwa hadharani si ruhusa. Kila nchi ina sheria yake. Kwingine ni marufuku kabisa. Hapa kwetu, raia huomba kibali kwanza. Akikamatwa bila kibali, anaweza kufungwa."

Kinyozi akakiokota kifaa sakafuni. Alidhani anamlinda mkewe, kumbe alikuwa anamchimbia shimo.

"Sasa tufanyeje?"

"Msikiuze, wala msikitupe jalalani, watoto wataokota. Nitakichukua mimi. Mkeo aje kituoni leo, aandikishe kwamba amekisalimisha."

Mchana kinyozi na mkewe wakaenda kituoni. Mke alikuwa amenuna.

"Na mimi nibaki mikono mitupu?"

"Hapana, mama," Afande akajibu. "Nunua filimbi. Haihitaji kibali. Wenzako nao wawe nazo, na mtembee pamoja."

Wiki mbili baadaye, jioni, filimbi ikalia barabarani. Ikajibiwa na ya pili, ya tatu, ya nne! Kinyozi akachomoka dukani. Mteja wake akamfuata, shuka shingoni, nusu ya kichwa haijanyolewa.

Wakamkuta mke katikati ya waokaji wenzake, mkoba kwapani, anacheka huku machozi yanamtoka.

"Mwizi amekimbia, mume wangu! Jitu zima limekimbia!"

Kinyozi akamkumbatia palepale, mbele za watu, wala hakuona haya.