Maziwa ya Vasuki

Kila jioni Vasuki alipotoka kuchuma chai kwenye vilima vya Hatton, hakumkimbilia mwanawe. Kwanza alipita nyuma ya nyumba, akakamua maziwa yake na kuyamwaga chini ya mgomba.

"Kamua sawasawa," mama mkwe wake, Ponnamma, alimhimiza. "Yameshinda juani tangu asubuhi. Yamechacha hayo! Unataka kumuua mtoto?"

Vasuki alitii. Lakini Kavin, mwenye miezi minne, alizidi kukonda, na maziwa nayo yalipungua. Ponnamma akaanza kutaja uji wa mchele.

Kwa hofu, Vasuki alimweleza Thilaga, mlezi wa kituo cha watoto pale shambani, ambako Kavin alishinda mchana. Thilaga alimpima Kavin, akakunja uso.

"Mchana unamnyonyesha mara ngapi?"

"Hata mara moja, dada. Mizani ya chai iko kule bondeni. Nikishafikisha gunia langu, mapumziko yamekwisha."

"Na jioni?"

Vasuki akamsimulia habari za mgomba.

"Loo! Kumbe unaonenepa ni mgomba!" Thilaga alisema. "Sikiliza, mdogo wangu. Maziwa hayachachi kifuani, hata ushinde juani kutwa. Mpe yote. Kadiri anavyonyonya, ndivyo yanavyoongezeka. Na mpaka afike miezi sita, hahitaji uji wala maji."

"Nitakujaje mchana, na gunia je?"

Wachumaji wenzake walipopata habari, hawakungoja kuombwa.

"Lete hilo gunia," alisema bibi Mariyayi, ambaye mgongo wake ulishapinda kwa kazi. "Wewe nenda kanyonyeshe. Majani tutabeba sisi."

Kisha wote kumi na wawili walimwendea nyapara. Aliwatazama, akaona hawaondoki. Akampa Vasuki ruhusa ya kwenda kituoni mara mbili kwa siku. Wanawake wale walikuwa watu kwelikweli.

Baada ya mwezi mmoja, mashavu ya Kavin yalijaa. Ponnamma alikwenda kituoni kujionea kwa macho yake. Alimkuta Vasuki bado anatoka jasho, na mtoto ananyonya kwa pupa. Akaketi kando yao.

"Wanangu wanne," alisema, "maziwa yao yote niliyamwaga."

"Hukujua, mama." Vasuki alimshika mkono.

Jioni hiyo Vasuki alipitia nyuma ya nyumba kuchukua kuni. Ponnamma akamzuia.

"Unakwenda wapi huko? Ingia ndani, mtoto anakungoja!"