Aliyesimama kwenye Chaki

Cordelia Haskett aliingia studio asubuhi akakuta taa zimeshapangwa kwa kimo chake, na hakuna aliyemngoja.

Ajabu. Tangu ajiunge na filamu pale Hollywood, Cordelia alikuwa akiigiza shangazi mwenye gubu, mwenye nyumba mkali, mjakazi wa kuleta chai. Wa hadhi yake husimama wenyewe kwenye alama ya chaki, wakichomwa na taa mpaka mafundi waridhike. Nyota tu ndiye hupewa mshika nafasi, mtu wa kumsimamia hapo taa zikipangwa.

"Nani kanisimamia?"

"Si wewe, bibie?" fundi wa taa akacheka. "Umesimama hapo tangu alfajiri, hata kope hupepesi!"

Penye chaki palinuka nywele zilizoungua. Lakini Cordelia alikuwa na furaha siku hiyo. Kwa mara ya kwanza kamera ingeusogelea uso wake peke yake, akiigiza mama anayeambiwa mwanawe kafia vitani, na picha hiyo alikuwa ameingoja maisha yake yote. Akaiinamia chaki kwa adabu. "Asante, mwenzangu. Kazi ni yako, endelea nayo!"

Mafundi wakaangua kicheko. Mzaha mzaha, hutumbua usaha.

Lupe Arriaga, shoga yake aliyempaka poda tangu enzi za filamu bubu, hakucheka aliposimuliwa katika chumba cha vipodozi.

"Umemwambiaje?" akanong'ona.

"Nimemtania tu, Lupe."

"Umempa kazi! Wale wasimamao penye chaki hawachukui mpaka wapewe." Kila Lupe alipompaka, poda ilimdondoka Cordelia mapajani, haishiki shavuni hata chembe. "Kimbia, mama! Kamwambie nafasi ni yako kabla kamera haijawashwa!"

Cordelia akakimbia, na kila aliyempita ukumbini hakumwamkia, na harufu ile ya nywele ikazidi kumjaa puani kadiri alivyokaribia, na kabla hajafika mlangoni akasikia sauti yake mwenyewe ikimlilia mtoto, kilio kizito kuliko chochote alichowahi kulia, akaingia akiwa ameshika ukuta.

Kwenye chaki alisimama mwanamke mwenye uso wake. Mafundi walikuwa wakifuta machozi.

"Nafasi ni yangu!" Cordelia alipiga ukelele. Hata fundi wa sauti hakugeuka.

"Kata!" alisema mwongozaji, Bwana Brandt. "Cordelia, miaka yote hiyo uso huu uliuficha wapi?"

Mwanamke yule akatabasamu. Brandt akamgeukia Cordelia, akamtazama kama atazamaye kigoda.

"Wewe, mshika nafasi. Simama pale tupange taa za picha inayofuata."

Miguu ikampeleka bila ruhusa yake. Kope zikakataa kupepesa.

Lupe akaingia mbio na kopo la poda, na moyo wa Cordelia ukaruka kwa tumaini. Lupe akampita.

"Njoo, shoga yangu," akamwambia yule mwingine kwa upole, "umelia mpaka umejiharibu."

Akampaka shavuni, na poda ikashika vizuri.