Mtungi Wenye Utepe Mwekundu

Katika kijia kimoja cha mtaa wa Jericho hapakuhitajika jogoo. Palikuwa na Mwanzia.

Mwanzia hakuwa mtu. Ilikuwa pikipiki kuukuu ya Bwana Matheka, iliyorithiwa kutoka kwa marehemu baba yake. Mzee yule aliinunua akiwa njiani kurudi nyumbani kutoka Machakos, na kwa kuwa Wakamba humwita Mwanzia mtoto aliyezaliwa njiani, jina likashika. Kila asubuhi Bwana Matheka aliipiga kiki, ikakohoa, ikapiga chafya, kisha ikanguruma, na majirani wakajua kumekucha.

Baada ya hapo Mama alimtoa Wathome nje. Wathome alikuwa mtoto wa mwisho, na mguu wake wa kulia haukuwa na nguvu tangu azaliwe. Mama alimpandisha nyuma ya Bwana Matheka, Baba yao, na kumfunga kiunoni mwake kwa leso, fundo likakazwa mara mbili. Baba alimpeleka hadi shule ya Buruburu yenye walimu waliojua kumfundisha mtoto kama yeye, kisha akaenda zake kazini, kwenye ghala moja la Indastrial Eria alikokuwa karani. Nthoki, dada yake Wathome, alibaki akiwapungia mkono hadi wapotee kwenye kona. Yeye shule yake ilikuwa karibu, na miguu yake yote miwili ilikuwa mizima.

Jumamosi moja maji yalikuja bila kupiga hodi. Mfereji wa mtaa ulikuwa umekauka wiki nzima, mara watu wakasikia, "Maji! Maji yamekuja!" Mama alikuwa sokoni, na Baba alikuwa ametoka. Nthoki alijua desturi ya foleni ya Jericho: wanaopanga mstari ni mitungi, si watu. Mwenye mtungi mmoja ana nafasi moja, mwenye mitungi mitano anarudi nyumbani akitabasamu.

Basi akakusanya kila kilichokuwa na mdomo. Nyuma ya mlango akauona ule mtungi mdogo wa manjano wenye utepe mwekundu kwenye mkono. Zamani ulikuwa wa mafuta ya kupikia, lakini siku hizi Baba alinunulia petroli. "Huu usiguswe hata kwa kidole," alikuwa amewaambia wote. Nthoki akauinua. Ulikuwa mtupu.

"Mtupu ni mtupu," akajiambia, akaubeba.

Mtungi ulipojaa ndipo harufu ya petroli ilipompiga puani. Akaumwaga mtaroni haraka haraka, huku akiangalia kulia na kushoto, akaurudisha nyuma ya mlango kabla haujakauka. Maji kidogo yalibaki chini yakichezacheza. Aliyasikia, lakini Mama alikuwa tayari anaingia na kikapu chake, na mitungi mingine yote ilikuwa imejaa pomoni.

"Mwanangu umekuwa mtu mzima!" Mama akamsifu. Nthoki akacheka, na jambo lile akalisahau.

Jumapili jioni Baba aliuchukua mtungi, akaenda kununua petroli, akarudi na kuimimina yote kwenye tangi. Mtungi ule haukuwa wa kuona ndani, na yeye hakuwa na sababu ya kuchungulia.

Asubuhi iliyofuata Mwanzia ilikohoa, ikanguruma, ikafika getini, ikazimika. Baba akapiga kiki, akapiga tena. Jasho likamtoka na koti likavuliwa, lakini pikipiki ikanyamaza tu. Mwishowe Mama alifungua lile fundo la leso, akamshusha Wathome, na siku hiyo hakwenda shule.

Jioni Baba alitandika gunia mbele ya nyumba na kupanga spana zake. Nthoki alipewa kopo la kushikia nati.

"Injini inataka vitu vitatu tu," Baba akasema, kama alivyozoea kusema. "Cheche, hewa na petroli. Kimojawapo kikikosekana, hutafika popote."

Akaifungua plagi, akaisugua kwa msasa, akaigusisha kwenye chuma cha injini na kupiga kiki. Cheche ya samawati ikaruka. Cheche ipo. Akalitoa chujio la hewa, akalikung'uta vumbi, akalipuliza. Hewa ipo. Akafungua kifuniko cha tangi, akachungulia, akaitikisa pikipiki.

"Petroli nayo ipo. Tena ni mpya, jana tu nimenunua."

Nati zikaanza kulia ndani ya kopo. Nthoki alikuwa ameukumbuka mtungi.

"Unatetemeka nini, mama?" Baba akamuuliza kwa upole. "Ni baridi?"

"Ndiyo, Baba."

Lilikuwa jibu fupi, lakini lilimfunga mdomo kuliko kufuli. Angesemaje sasa kwamba haikuwa baridi?

Kesho yake ushauri ulianza kumiminika, maana pikipiki mbovu ina madaktari wengi. Mzee Mulama, jirani aliyestaafu kutoka reli, alisimama na fimbo yake na kutangaza kwamba ni pistoni. "Injini ni injini, Matheka. Hata gari moshi lilianza hivi hivi." Owuor, kijana wa bodaboda wa nyumba ya pili, alipita akitafuna muwa.

"Niaje, mzee! Hiyo nduthi bado imegoma? Hiyo ni kabureta, nakushow. Fungua uoshe."

Baba akaifungua kabureta, akaimwaga chini, akaisafisha kwa mswaki wa zamani. Kilichokuwa ndani kikanywewa na mchanga, na mchanga hauna mdomo wa kusema umekunywa nini. Akairudisha, akapiga kiki, na loo, Mwanzia ikanguruma! Wathome akapiga makofi. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. Pikipiki ikanguruma kwa muda wa kufurahisha watu tu, kisha ikakohoa, ikafa tena.

Afadhali isingewaka kabisa. Baba alikaa kwenye gunia akitazama viganja vyake vilivyojaa weusi. Alibadilisha plagi, ikawa kazi bure. Alikaza hiki, akalegeza kile, bure tupu. Kufikia katikati ya wiki hakuwa tena na la kujaribu, akawa anakaa tu karibu na pikipiki yake kama mtu anayelinda mgonjwa.

"Marehemu Baba aliniachia ikitembea," alimwambia Mama kwa sauti ya chini. "Mimi nimeiua."

Nthoki aliyasikia hayo akiwa mlangoni, na moyo ukamuuma. Alitamani kusema, lakini alitamani pia ardhi ipasuke immeze. Jumamosi lilikuwa kosa dogo la mtungi. Sasa lilikuwa limebeba kazi yote ya Baba, mikono yake iliyochubuka na huzuni yake, na kila siku aliyonyamaza aliliongezea uzito. Akajikaza, akamwendea.

"Baba..."

"Sema, mwanangu."

Akakiinua kikombe kilichokuwa kando ya gunia. "Chai yako imepoa."

Baba akaipokea, akashukuru. Nthoki akakimbilia nyuma ya nyumba, akalia hadi kamasi zikamtoka.

Ijumaa jioni Mama aliweka begi kitandani na kuanza kukunja nguo za Wathome. Baba alikuwa akienda kazini kwa miguu na hangeweza kumbeba mtoto hadi Buruburu, Mama naye mgongo ulikuwa unamsumbua. Walikuwa wamekata shauri. Wathome angekwenda kuishi na susu, nyanya yao kule Mwala, ambako shule ilikuwa ng'ambo tu ya lango la nyumba. Pikipiki ingechukuliwa na mtu wa vyuma vikuukuu kutoka Gikomba asubuhi yake.

"Nthoki," Wathome akauliza, miguu yake ikining'inia kitandani, "wewe utakuwa unakuja kuniona?"

Nthoki alikunja soksi zilezile mara mbili.

Mtu wa Gikomba aliitwa Wanyoike, na alikuja na mkokoteni na kamba. Alisalimia watu wote kwa heshima, hata Mzee Mulama na Owuor waliokuja kuiaga Mwanzia, akaizunguka pikipiki, akaanza kuifunga. Baba aligeuka akatazama ukuta. Wathome alikuwa ameketi mlangoni, leso ikiwa mapajani mwake.

"Mzee," akamwita Wanyoike, "hii leso tukupe pia? Bila leso mtoto ataanguka."

Wanyoike akacheka kidogo. "Mtoto gani, kijana wangu? Hii haitabeba mtu tena. Naenda kuifungua yote, niuze vipande."

Wathome alimtazama, kisha akaitazama pikipiki, na mdomo wake ukaanza kupinda. Nthoki hakuweza kuvumilia zaidi.

"Baba, ni maji!"

Watu wote wakageuka. Maneno yakamtoka bila mpangilio huku akilia: foleni, mtungi wenye utepe, harufu, yale maji yaliyobaki chini yakichezacheza, na ile baridi ambayo haikuwa baridi. Mama akajishika kichwa. Nthoki akafumba macho, akangojea kofi.

Halikuja. "Niletee glasi," Baba akasema. "Ile ya kuona ndani."

Nthoki akaileta mbio. Baba aliifungua skrubu iliyo chini ya kabureta, na safari hii hakumwaga chini. Petroli ikatiririka ndani ya glasi. Akaiinua kwenye mwanga, wote wakasogea, hata Wanyoike na kamba yake. Kwanza kulikuwa na ukungu. Kisha, polepole, vikajitenga viwili: petroli juu, na chini kabisa maji meupe, yametulia kama yako kwao.

"Haya!" Mzee Mulama akasema. "Maji ni mazito, hukaa chini. Na injini inanyonya kutoka chini. Kumbe huyu Mwanzia alikuwa anakunywa maji!"

"Na mimi nikajiuliza kama petroli ipo," Baba akasema, "nikasema ipo. Sikuuliza ni petroli gani."

Kamba zikafunguliwa. Baba akalitoa tangi, akalimwaga kwenye beseni mbali na jiko, akaliacha lipigwe na jua hadi likauke. Owuor alileta chupa ya petroli kutoka kwa pikipiki yake mwenyewe. Kiki ya kwanza, kimya. Ya pili, chafya. Ya tatu, Mwanzia ikanguruma, na safari hii haikuzimika. Wanyoike aliusukuma mkokoteni wake mtupu akicheka, akasema hajawahi kufurahi hivyo kukosa biashara.

Baba aliizima, akanawa mikono, akamketisha Nthoki kando yake kwenye gunia.

"Kosa la kwanza lilikuwa langu," akasema. "Petroli haiwekwi kwenye mtungi unaofanana na wa maji, tena ndani ya nyumba yenye watoto. Nitatafuta kopo la chuma, na litakaa mbali na mitungi ya maji. Kosa la pili, la kubeba mtungi, ni la haraka, na haraka humpata kila mtu. Lakini la tatu, Nthoki, ndilo lililoniumiza. Ulikaa na dawa mkononi ukinitazama nikihangaika na mgonjwa."

"Niliogopa, Baba. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini kumbuka: mficha maradhi, kilio humfichua. Kilio chetu kingekuwa cha kutengana na ndugu yako. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kosa likiwa bado dogo la kubebwa na mtoto."

Nthoki akaitikia kwa kichwa. Kisha akaingia ndani, akalifungua lile begi, akazirudisha nguo za Wathome mahali pake, moja moja, soksi zikiwa za mwisho.

Jumatatu asubuhi Mama alipochukua leso, alimpa Nthoki.

"Leo mfunge wewe," akasema.

Nthoki akamfunga ndugu yake kiunoni mwa baba yao, akalikaza fundo mara mbili.