Droo Iliyofungia Kanga ya Mama

Haya, sogeeni karibu. Anayetafuna amalize kutafuna, hadithi inaanza.

Salha alikuwa na miaka sita na pengo moja la mbele. Aliishi Korogwe na baba yake na mama yake.

Lakini siku ile Mama hakuwepo. Alikwenda Lushoto kumuuguza Bibi, aliyevunjika mguu.

Salha alimkumbuka Mama alipoamka. Alimkumbuka akinywa uji. Alimkumbuka hata chooni!

"Baba," alisema, "nataka kanga ya Mama. Ile anayovaa akipika. Nikiinusa, leo nitalala."

Kanga ile ilinukia iliki, na moshi, na Mama. Ilikaa jikoni, ndani ya droo ya kabati. Kabati lenyewe lilikuwa la mbao, kuukuu, tena lenye kiburi.

Salha akashika kishikio. Akavuta.

Vuta, vuta, vuta we!
Kwii... kwii... ka!
Droo imegoma.

"Niachie mimi, mwenye misuli," akasema Baba. Akakunja mikono ya shati. Akatema mate viganjani, pu, pu!

Vuta, vuta, vuta we!
Kwii... kwii... ka!
Droo imegoma.

Ila kishikio hakikugoma. Kiling'oka! Baba akaanguka chali, tii, kishikio mkononi.

Wewe ungecheka. Salha hakucheka. Alitaka kanga.

Salha akawaza. Mama akimsuka, nywele zikikaidi, huzipaka mafuta ya nazi. Zikipata mafuta, zinatii.

Basi akaleta chupa ya mafuta ya nazi. Akaipaka droo. Paka huku, paka kule! Droo ikang'aa kama kichwa kilichotoka kusukwa.

Wakashika pembeni, Baba huku, Salha kule.

Vuta, vuta, vuta we!
Tele... tele... telee!
Mikono ikateleza. Droo imegoma.

Salha akakaa sakafuni. Machozi yakamtoka.

"Droo imemfungia Mama ndani," akasema.

"Mama yuko kwa Bibi, mwanangu."

"Najua," akasema Salha. "Lakini na humo yumo."

Baba akakaa naye sakafuni. Halafu akaigusa mbao kwa kidole.

"Ni hizi mvua za masika," akasema. "Mbao imekunywa maji mpaka imevimba. Tumbo limejaa, ndiyo maana haitoki. Hatutaivuta tena. Tutaikausha."

Akafungua dirisha na mlango. Akawasha jiko la makaa, akaliweka jirani na kabati. Jirani, siyo karibu sana! Juu yake akateleka maharage.

"Sasa tunangoja," akasema. "Subira huvuta heri."

"Basi na ije ivute droo!" akasema Salha.

Toko-toko, toko-toko, yakachemka maharage. Nyumba nzima ilinukia maharage. Mama bado hakuwepo. Salha akangoja, na kungoja kulimuuma.

Maharage yakaiva. Baba akaigonga mbao, ko, ko. "Imekauka!"

Akalisogeza kabati kutoka ukutani. Nyuma halikuwa na ubao, lilikuwa wazi. Baba akaingiza mikono yake kwa nyuma. Salha akabaki mbele.

"Mimi nasukuma, wewe pokea," akasema Baba.

Sukuma, sukuma, sukuma we!
Kwii... kwii... kwiii...
Droo imetoka!

Kanga hiyo hapo, imekunjwa vizuri! Salha akaizamisha pua ndani yake. Iliki. Moshi. Mama. Akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda.

Lakini kazi ilikuwa bado. Baba akapiga msasa ubavuni mwa droo, sraa, sraa. Salha, kanga shingoni, akasugua sabuni ya mche ikiwa kavu, ili mbao iteleze. Baba akakaza kishikio kwa bisibisi.

Wakairudisha droo mahali pake. Salha akaivuta kwa kidole kimoja.

Sss... ikaja.
Sss... ikarudi.

"Mkaidi kapoa!" akasema Baba. Wakala wali na maharage.

Wakati wa kulala ukafika. Salha akajifunika kanga. Akahesabu pande zake. Upande mmoja tu!

Akaketi. Kanga ni doti, na doti ni pande mbili. Mama hufunga mmoja kiunoni, mwingine kichwani.

"Baba! Upande wa pili umepotea!"

Wakarudi jikoni. Sss... droo ikafunguka. Humo mlikuwa na mwiko, na chujio, na vijiko. Kanga hakuna.

Baba akampigia simu Mama.

"Mama," akasema Salha. "Nimeona kanga yako, lakini upande mmoja haupo."

"Upo, mwanangu," akasema Mama. "Ninao mimi huku."

"Wa nini?"

"Ule ndio ninaokufunika nao nikikupakata. Unanukia wewe. Bila huo, usingizi siupati."

Salha alidhani yeye tu ndiye anayemkumbuka Mama. Kumbe huko Lushoto, Mama naye anamkumbuka Salha!

"Basi jifunike, Mama," akasema.

"Nawe jifunike, kipenzi changu."

Salha akajifunika hadi kidevuni. Lushoto, Mama akajifunika hadi kidevuni. Macho ya Salha yakaanza kuwa mazito.

Baba akajilaza pembeni yake. Akakohoa kidogo.

"Salha," akanong'ona. "Nisogezee na mimi pembe moja, ninuse."

Salha akamsogezea.

Maharage yameliwa, hadithi imelala. Nanyi vuteni shuka.