Sebule Isiyo na Dirisha

"Zulia limekunjwa. Mtoe fundi kabla ya saa tisa."

Sekela, mpelelezi wa serikali, aliusoma ujumbe wa mkuu wake mara moja, akaufuta. Zulia limekunjwa maana yake fundi Vitus, mpasha habari wake, amegundulika.

Saa nane na dakika ishirini mchana.

Alikuwa katikati ya ukumbi wa maonesho ya sakafu, Iyunga, shingoni kaning'iniza kitambulisho cha uongo cha mkandarasi. Mwaka huu mabanda yote yaliimba wimbo mmoja: vigae vimepitwa na wakati, sasa ni mbao za plastiki na unga wa mawe, zinabanana zenyewe bila gundi. Hata terazo ya bibi zetu imerudi, eti ndiyo fasheni!

Banda la Orvex lilijaa watu kuliko yote. Sekela alijua kwa nini baadhi ya mbao zao zilikuwa nzito. Ndani yake mlikuwa na dhahabu ya Chunya, imefuliwa bapa, inangoja lori la saa tisa la kuivusha mpakani Tunduma. Aliyemwambia ni Vitus, fundi wa Tosamaganga aliyetandika sakafu ya banda hilo. Na aliyemshawishi Vitus apeleleze, akamwapia kwamba hakuna hatari yoyote, ni yeye Sekela.

Nyuma ya banda palijengwa sebule ya mfano, kuta za bati zito zilizobandikwa karatasi ya maua. Mlango mmoja. Nje ya mlango, kandambili za Vitus.

Sekela akavua buti, akaingia.

Angefanyaje? Amelelewa Tukuyu. Ukiikanyaga na viatu sebule inayong'aa vile, mama atakusimanga hadi Krismasi. Mikono ilifungua kamba kabla kichwa hakijafikiri.

Redio yake ya mawasiliano ilikuwa imefichwa kwenye kisigino cha buti ya kulia.

Vitus alikuwa ameketi sakafuni, mikono imefungwa waya. Nyuma ya mlango alisimama Fred, meneja wa Orvex, na bastola ya Makarov mkononi.

"Karibu, dada. Lete simu."

Akampa. Fred akaupiga teke mlango ukafungika, kisha akapindua ndoo ya tina, ile dawa kali ya kuyeyushia rangi. Harufu ikapanda papo hapo.

"Mafundi wazembe," alisema. "Wamevuta tina chumba hakina dirisha. Tutawachangia rambirambi."

Akatoka. Ufunguo ukazunguka mara mbili.

Sekela alipiga mlango kwa bega. Chuma. Akapiga kelele. Nje muziki wa singeli ulikuwa unatikisa ukumbi, mshereheshaji anagawa fulana. Nani angesikia?

Macho yakaanza kuwasha. Alimfungua Vitus waya.

"Dada, uliniambia hakuna hatari."

"Nilikudanganya, fundi. Nisamehe."

"Mke wangu Severina ana mimba ya miezi saba!"

Alijifunika pua kwa kitambaa, akatazama dari, kuta, mlango. Hakuna upenyo popote. Kifua kilibana, kichwa kikawa chepesi, akaogopa waziwazi. Ndipo akatazama chini.

"Hii sakafu umeigundisha?"

"Nigundishe nini? Si ndiyo biashara yao, hakuna gundi! Imelala tu juu ya jukwaa, chini yake wazi."

"Na kuta?"

"Juu ya jukwaa hivyohivyo." Vitus alikohoa, kisha akaelewa. "Kona ile! Nilikata tundu la kupitishia nyaya."

Aling'oa ubao wa ukingoni kwa kucha. Mbao za kwanza zikagoma. Ya tatu ikaachia, klik, na nyingine zikafuata. Chini lilionekana tundu dogo, giza tupu.

Sekela alitangulia. Vumbi, nyaya, misumari. Katikati nyonga zikakwama. Mbele hapitiki, nyuma hapitiki, na tina inawafuata.

"Toa pumzi yote!" Vitus alifoka, akamsukuma nyayo.

Alichomoka chini ya pazia la banda, miguuni pa mama mmoja aliyeruka na kupiga yowe. Akamvuta Vitus nje. Mlangoni buti hazikuwepo tena. Saa nane na dakika hamsini na tano, na kwenye geti la nyuma lori lilikuwa linanguruma.

Hana redio. Hana simu. Hana bastola.

Akapanda jukwaa la mshereheshaji, akampokonya kipaza sauti.

"Mafundi! Orvex wanatoa mbao bure! Boksi moja kila mtu! Ziko kwenye lori, geti la nyuma!"

Ukumbi mzima ulimwagika nje.

Lori halikusogea hata hatua moja. Honi ililia, watu wakaparamia nyuma, maboksi yakashuka. Fred, aliyekuwa ndani ya kabini, alijaribu kufungua mlango, umati ukaubana. Boksi moja likaanguka, ubao ukavunjika.

Ndani ulikuwa wa njano.

"Dhahabu!" fundi mmoja alipiga kelele. Askari wa getini wakamtoa Fred kupitia dirishani, wakamnyang'anya Makarov, na mfukoni wakaikuta simu ya Sekela.

Vitus alikuwa amekaa ukingoni mwa barabara, macho mekundu. Sekela alimpelekea maji.

"Tutawahamisha, wewe na Severina. Kesho asubuhi."

"Mke wangu nitamhamisha mwenyewe." Alikunywa polepole. "Dada."

"Naam."

"Usinipigie tena."

Sekela alifungua simu, akatafuta namba ya Vitus, akaifuta mbele ya macho yake. Kisha akavuka barabara kuu kuelekea kwenye Land Cruiser ya kazini iliyokuja kumchukua, kichwa juu, hatua za taratibu. Hakugeuka. Alikuwa analia, na hakutaka fundi aone.